Miaka Yangu ya Kutema Mvinyo Mzuri

Siku yangu ya kwanza katika mgahawa wa Kiitaliano pale Arlington, Amerika, Mkuu wa Mvinyo alinimiminia glasi ya barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, akaniwekea na ndoo mbele yangu. Nilitoka kuosha glasi kwenye hoteli moja ya Springfield, sikujua lolote. Nikaunywa wote. Mkuu alicheka hadi akashika meza.

"Mama, hapa tunaonja, hatunywi. Tema!"

Mimi niliyekulia Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, nikajiuliza hawa watu wana akili kweli? Mvinyo mzuri hivi, utemwe?

Ndiyo kazi yenyewe, wanangu mnaoianza leo. Unaizungusha glasi, unaingiza pua, unavuta. Kisha unachukua funda dogo, unalisukasuka mdomoni, unatema. Mkuu alizaliwa Piemonte, kaskazini mwa Italia, na ndiye aliyenifundisha kwamba zabibu ya nebbiolo, inayotoa barolo, ina rangi hafifu lakini ukakasi wake hukausha ulimi, na ukituliza pua utapata waridi na lami. Amarone hutokana na zabibu zilizoanikwa kwanza, ndiyo maana ni mzito. Soave ni mweupe, mwepesi, wa kulia samaki. Nilipenda mivinyo yote, nikaitema yote.

Salim, mpishi wetu kutoka Mombasa, hagusi pombe, lakini utani haukumwisha. "Wallahi dada, Amerika nzima ni wewe tu unayelipwa kutema!"

Kisha mafua makali yakanishika. Homa iliondoka, pua ikabaki imekufa. Kitunguu, kahawa, sabuni, vyote sawa na maji. Niliogopa, sifichi. Bila pua ningeishia kubeba sahani, na magoti yangu yalishakataa sahani zamani.

Nilimwambia Mkuu siku hiyo hiyo. Akasema, "Kwa sasa nitaonja mimi. Lakini siku ya kuchagua mvinyo wa majira ya baridi nahitaji pua yako. Ikiwa bado, Mama, itanibidi nitafute mtu mwingine."

Kila asubuhi Salim alinifumbisha macho, akaniwekea kitu puani. "Nini hii?"

"Sijui."

"Haya. Kesho, inshallah."

Siku ya kuchagua ikafika. Chupa ya kwanza, sikusikia kitu. Ya pili, vilevile. Mkuu hakuniangalia. Ya tatu ilikuwa barolo ya zamani aliyoitunza kama mboni ya jicho. Nikainamisha pua, na papo hapo ikanijia harufu ya boksi lililolowa mvua likaozea stoo.

"Mbovu!" nikapiga kelele. "Kizibo kimeiharibu!"

Mkuu akanusa, akakunja uso. "Mbovu kabisa," akasema kwa huzuni.

"Pole, Mkuu," nikamwambia, huku nacheka na machozi yananitoka. Naye akaanza kucheka. Salim akatoka jikoni mbio, ngumi imefumbwa.

"Iliki," nikasema kabla hajaifumbua.

"Alhamdulillahi!"

Niliendelea na kazi hiyo hadi nilipostaafu mwenyewe, kwa hiari yangu. Siku ya kuniaga, Mkuu alinimiminia barolo. Kwa mazoea nikageuka kutafuta ndoo. Haikuwepo.

"Leo unakunywa, Mama."

Nikanywa taratibu, hadi tone la mwisho, na hakuna aliyeniuliza nimesikia harufu gani.