Mikono ya Mghoi

Juzi nilimwona baba, masikio yamemwisha kwa uzee, akikodolea macho midomo ya watu. Nikakumbuka alasiri moja kwetu Werugha, ukungu umeshuka na jikoni kunanuka maziwa yaliyoungua.

Dada yangu Mghoi, kiziwi tangu kuzaliwa, alikuwa amerudi likizo. Shuleni kwao walisema huku vidole vikicheza kando ya mdomo, kwa sababu midomo peke yake haionyeshi neno lote. Mama naye alijifunza. Baba aliona wanamsengenya mbele yake.

"Mtu husema kwa mdomo," alisema, akamfunga Mghoi mikono kwa kamba ya katani. "Sema 'baba' nikufungue."

"Baba Mghoi, mtoto anaumia."

"Na wewe ficha yako!"

Mama akaificha chini ya leso. Mghoi alimtazama Mama mdomoni, asiambulie kitu. Mimi, msomi mtarajiwa, nilidhani ni mchezo. Nililia nifungwe pia. Alifunguliwa saa ya kukama ng'ombe. Neno halikutoka.

Siku hizi Mghoi huja kumsalimu.

"Unasemaje, mwanangu?" baba humwuliza. "Nionyeshe basi, hata kwa mikono."

Mghoi huitia mikono mfukoni mwa sweta na kuendelea kusema, kwa mdomo, kama mtu.