Mkono Begani Kwenye Kona ya Tisa

Saa moja asubuhi, ukungu haujaondoka kwenye uwanja wa mbio za magari, na mama mmoja mfupi mwenye buti zinazompwaya anatembea katikati ya barabara ya lami, ameinama. Anaokota nati. Mazoezi ya jana yameacha tatu na kipande cha bampa, na nati moja inatosha kupasua tairi la gari lenye kasi ya kilomita mia mbili na arobaini kwa saa.

"Mgeni, angalia unapokanyaga," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nimeshafagia hapo."

Uwanja mzima unamwita Mama Kona. Kwa miaka kumi na tisa amesimama nyuma ya ukuta wa zege kwenye Kona ya Tisa, akiwapungia madereva bendera: ya njano mbele kukiwa na hatari, ya bluu kumwambia wa polepole ampishe mwenye kasi.

Ni kazi ya watu wawili. Mmoja hutazama magari yanakotokea, mwingine huyapa mgongo na kutazama yanakoelekea. Mama Kona ndiye anayeyapa mgongo. Anayemlindia mgongo huo ni mumewe.

"Kwa kelele zile hatusikiani, kwa hiyo gari likitokea ananigusa begani," anaeleza. "Nikiguswa nahesabu: moja, mbili, tatu, gari linapita. Likipotea njia, ananivuta chini. Ameshanivuta mara mbili. Ya pili, tairi lilipita pale kilipokuwa kichwa changu."

Mwaka jana hesabu ilianza kupungua. Aliguswa, akafika mbili, gari likapita. Wiki mbili baadaye ikawa moja. Nyumbani, mzee alikuwa akimimina chai mezani na kulisingizia birika.

"Nikamuuliza, baba watoto, macho vipi? Akasema macho yake mazima, mimi ndiye ninayezeeka. Nikamwambia haya."

Mashindano yaliyofuata hakuhesabu hata moja. Mkono na gari vilifika pamoja. Jioni ile alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa washika bendera, akamchongea mumewe.

Mzee alisimamishwa papo hapo. Kwa siku kumi na moja wenzi hawa, wenye watoto wanne na wajukuu watatu, hawakusemezana ila kuhusu chumvi na funguo.

"Alininunia huyu, usiombe," anasema Mama Kona. Kisha sauti inashuka. "Mimi nilikuwa nafungulia bomba bafuni, nalia. Nilijiona nimemsaliti."

Mumewe, mzee mrefu wa masharubu meupe, anasikiliza huku akizungusha kofia mikononi.

"Nilijua sioni," anakiri. "Niliogopa wakinitoa watampa mtu asiyemjua. Nani angemvuta kwa wakati? Kumbe wa kumuua nilikuwa mimi."

Siku ya kumi na mbili alivaa viatu, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, nipeleke hospitali." Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji ulikula ujira wao wa mashindano sita. Mama Kona anasema hajutii hata senti.

Leo mzee anapimwa. Akishindwa, anarudisha ovaroli, basi tena. Mkuu anasimama mita mia mbili mbele na kuinua bendera kumi, moja moja. Mzee anataja zote.

"Ya saba umeishika juu chini," anamwambia mkuu anaporudi, naye anacheka.

Lakini hilo halitoshi. Utaratibu wa uwanja unasema fomu hutiwa saini na yule anayelindwa mgongo, baada ya kujaribu na magari yenyewe. Mama Kona anaipokea, anaikunja mfukoni.

"Nikiona siyo, sitii saini," anamwambia mumewe.

"Usitie," anajibu mzee.

Magari ya mazoezi yanawashwa. Mkuu anasimama karibu nao, tayari kwa lolote. Mama Kona anageuka, anayapa mgongo.

Mkono unatua begani. Barabara bado tupu. Midomo yake inasema moja. Mbili. Tatu.

Nne.

Ndipo gari linapita.

Anasubiri la pili, la tatu, mpaka la kumi na moja. Hakuna lililopita kabla ya nne. Magari yakizimwa anafuta macho kwa kiganja, anamgeuza mumewe, anaitandaza fomu juu ya mgongo wake na kutoa kalamu.

"Miaka mitano mingine," anasema akiandika. "Halafu tunakata tiketi, tunakaa jukwaani kama watu wengine. Miaka yote hii sijawahi kumwona mshindi akimaliza."

"Unanitekenya," mzee analalamika.

"Tulia, baba watoto. Namalizia jina."