Kitalu Nilichokipalilia

Tarehe kumi na nne Mei, asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeng'oa maua yake, na alikufa bila kujua, kwa sababu sikumwambia.

Ni maua madogo ya buluu yanayoitwa usinisahau. Mbegu alipewa na mama mmoja wa kanisani, nyeusi na ndogo kama za mchicha, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Mvua ya Machi ilipoanza alilainisha udongo nyuma ya jikoni, penye kivuli cha migomba, akazinyunyiza kama anayetia chumvi mbogani, akazifunika kwa udongo kidogo. Mimi nilikuwa napanda mahindi.

"Sasa hayo yataliwa na nani?" nikamcheka.

"Wewe si una mahindi yako? Kula hayo."

Kabla hazijaota alilazwa hospitalini, Kakamega mjini. Nilibaki na shamba. Siku niliyomaliza kupalilia nilipita nyuma ya jikoni, jembe bado liko mkononi, nikaona majani madogo yenye manyoya yamejaa ovyo. Sisi huku Navakholo tunapanda kwa mstari. Kilicho nje ya mstari ni gugu, hata mtoto anajua. Nikalima kitalu chote, nikafagia, nikaona nimemfanyia kazi nzuri.

Jioni akapiga simu. "Baba watoto, zimeota?"

"Bado."

"Zikiota usiziguse mpaka nije. Majani yake yana manyoya, wewe utadhani ni magugu." Akacheka mpaka akakohoa.

Nilitoka na simu sikioni nikaenda kutazama. Yalikuwa kwenye rundo, yamenyauka. Ningeweza kusema wakati ule. Nikasema, "Ngoja, naona kitu hapa. Zimeota."

"Kweli? Nyingi?"

"Nyingi."

Tangu siku hiyo kila nilipoenda kumwona aliuliza zimefika wapi, nami nilimpimia kwa kidole: hapa, halafu hapa. Mara moja alimwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "Huyu hapendi maua, lakini yangu anayatunza." Mgonjwa yule akanisifu. Nikashukuru.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu wakiwa bado nyumbani, mdogo wake alinifuata nyuma ya jikoni.

"Shemeji, maua yako wapi? Dada aliniambia nichukue miche michache."

Nikamwonyesha udongo mtupu. Nikamweleza yote: jembe, simu, kidole. Sikupunguza kitu.

"Ungemwambia tu," alisema. "Angekutusi siku moja, basi."

Kisha akaingia jikoni kuwasaidia wenzake kuosha vyombo.