Mtu wa Kofia

Siku ya kwanza kumwona Mutindi alikuwa amesimama kando ya televisheni, juu ya kreti ya soda, na fimbo mkononi kama mwalimu. Ilikuwa siku ya soko hapo Katangi, nami nilikuwa na miaka tisa. Alikuwa amekodi stoo ya mahindi na kuziba madirisha kwa magunia. Sinema zake zilikuwa za Kiingereza, na sisi watoto hatukukijua. Lakini Mutindi alikuwa amewahi kuajiriwa na Wazungu Nairobi, kwa hivyo alitueleza kila neno kwa Kikamba.

"Wa kukojoa akojoe sasa," alisema. "Mbwa akianza kubweka, sisimamishi mashine."

Ilikuwa sinema ya familia moja, watoto watatu na mbwa kilema. Baba yao alikuwa ameenda mbali kutafuta kazi. Mwishoni mtu mwenye kofia anakuja njiani na begi. Mama anamkimbilia, anamkumbatia, analia.

"Baba amerudi!" Mutindi akapaza sauti. Tulipiga makofi mpaka vumbi la mahindi likatukohoza.

Baba yangu alikuwa ameenda Mombasa mwaka uliotangulia. Sinema hiyo niliitazama mara nane.

Nilipokuwa mkubwa nilikwenda kuuza machungwa Kyumbi, ingawa Katangi ndiko nyumbani, kwa sababu Kyumbi ndipo magari ya Mombasa huwashusha watu wa Machakos. Sikumwambia mtu yeyote sababu hiyo. Kwa miaka ishirini na sita nimewaangalia wakishuka, hasa wenye kofia.

Mutindi aliacha mambo ya sinema kila hoteli ilipopata televisheni yake, akawa anashona sare za shule. Hakuolewa. Akienda kliniki mjini alipitia kwangu.

"Bado uko hapa tu, Ngui?"

"Bado, mwaitu." Kwetu ndivyo tunavyomwita mama.

Alikuwa ananitazama kidogo, halafu anainama kuchagua machungwa.

Mwaka jana binti yangu Nthenya alinialika kwake Mavoko Jumapili mchana. "Baba, ile sinema yako ya mbwa wameitengeneza upya. Na wameitia Kiswahili!"

Nilivaa shati la kanisani. Rangi zilikuwa kali, na nyumba ya maskini ilikuwa safi kuliko ya chifu. Mbwa alichechemea mguu huu, baadaye ule. Nilivumilia, nikingoja mtu wa kofia. Akaja na begi lake. Mama akamkimbilia.

"Mama," yule mtu akasema, "nimekuletea kofia ya mumeo. Tulimzika hukohuko."

"Wameiharibu!" nikasema. Nthenya alishtuka, maana mimi si mtu wa kelele. "Ile ya kwanza baba alirudi."

Akaitafuta ile ya zamani kwenye simu. Ilikuwa na maandishi ya Kiswahili chini. Nilimwona mtu wangu, kofia yangu, njia ileile. Nthenya akasoma polepole. Maneno yalikuwa yaleyale, ya kofia ya mumeo.

Kesho yake sikufungua biashara. Nilimkuta Mutindi mlangoni pake akitunga uzi kwenye sindano.

"Yule mtu hakuwa baba yao," nikasema.

Hakuuliza mtu gani. "Hakuwa."

"Mwaitu, unajua kwa nini niko Kyumbi?"

"Najua."

"Na ulikuwa unanunua machungwa yangu na kunyamaza."

"Ningeanzia wapi? Wewe ulikuwa unasalimia, unafunga mdomo."

Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa nimefika kwenye ua aliponiita. Sikurudi, nilisimama tu. Nilijiambia nitakuja siku nyingine, hasira ikiisha. Mwezi wa nane Mutindi akazikwa, na hasira haijaisha. Kwa hivyo maneno aliyoniambia pale uani ndiyo ya mwisho kwangu.

"Siku ile nilikuwa nimefungua mdomo niwaambie kwamba amekufa," alisema. "Mtoto mmoja akasimama katikati ya stoo. Mtoto ambaye tangu aingie sikuwa nimesikia sauti yake. Akapiga kelele, 'Ni baba!' Ulikuwa wewe, Ngui. Mimi nilikubali tu."