Usimuulize Mbele ya Mkwewe

Nikiona ninyi wauguzi mnavyowahoji wazee siku hizi, mwanangu, naudhika, na naudhika zaidi kwa kuwa naikumbuka siku ambayo mimi nilifanya vibaya kuliko ninyi. Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, nimetoka mjini Shinyanga kwenda kujifunza kazi katika zahanati moja upande wa Didia. Gauni langu lilipigwa pasi likanyooka, na mkononi nilikuwa na fomu: jina, umri, unaumwa nini.

Akaletwa bibi mmoja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Aliyemleta alikuwa mume wa binti yake, kwa sababu binti mwenyewe alikuwa mzazi, hajatoka ndani. Mkwe alitangulia na ng'ombe, bibi kakaa nyuma amempa mgongo. Mimi ni Msukuma. Nilikua nikijua kwamba mama na mkwewe hawatazamani usoni, sembuse kuzungumza habari za mwili. Nilijua, mwanangu, na ndicho kinachoniudhi hadi leo.

Basi bibi alipochelewa kunijibu, nikamwita mkwe aingie anisaidie. Akasimama anatazama ukuta. Nami nikapaza sauti: "Bibi, unaumwa wapi?"

"Mimi si kiziwi, mjukuu wangu. Ni kichwa tu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi."

Nikajiona nimenena. Yeye akavuta khanga yake, akarudia kuwa ni kichwa tu. Nikampa vidonge, nikaita mwingine.

Siku ya nne mkokoteni ukarudi, bibi kalala humo anatetemeka kwa homa. Muuguzi wetu mkuu, Mama Shija, akamtoa mkwe nje na kufunga mlango. Akachuchumaa. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake mzazi, kisha akaulizia mvua, mtama, na yule mjukuu mchanga. Mimi nimesimama na trei, roho juu, nawaza foleni ilivyo ndefu nje. Salamu zilipokwisha, bibi akafunua khanga mwenyewe. Lilikuwa jipu, juu kabisa pajani, limeshaoza.

Mama Shija hakunigombeza mbele ya mgonjwa. Alinisubiri uani. "Wewe mtoto wa Kisukuma," akasema, "mama yako ungemvua nguo mbele ya mumeo?"

 Bibi alipelekwa mjini, akakaa wodini muda mrefu, akapona, lakini mguu haukunyooka tena. Alikuja na miguu miwili, akaondoka na mguu mmoja mzima na fimbo, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka.

Sasa ninyi mna vyeti vikubwa kuliko changu, na bado nawasikia mkiwapigia wazee kelele na kumuuliza aliyemleta, "Anaumwa nini huyu?" Huyu! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mtoe nje aliyemleta, hata akiwa mwanawe wa kumzaa. Kaa chini. Msalimie mpaka salamu ziishe, maana ugonjwa wa mzee huja nyuma ya salamu, na foleni itasubiri.

Nenda kazini, mwanangu. Mungu akupe uzee mrefu, na siku utakapoletwa wewe, umkute aliyefunzwa akafunzika, afunge mlango kwanza ndipo akuulize.