Kidonge cha Shangazi Msibani

Nakumbuka msiba mmoja kwetu Ihanda, mimi msichana mbichi tu, shangazi yangu alipokaribia kumfuata marehemu kwa sababu ya kuona haya kwenda chooni. Cheka, mwanangu, hata mimi leo nacheka. Siku ile sikucheka.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na moyo dhaifu, akapewa kidonge cha kutoa maji mwilini. Akikimeza asubuhi, hadi mchana ni chooni tu. Sasa misiba yetu unaijua: akina mama wamejaa kwenye mikeka, miguu imepishana, na yeye, mkubwa wa ukoo, kawekwa kule ukutani. Akiinuka, nusu ya chumba wanainuka kumpisha. Basi akakiacha kidonge tangu siku ya kwanza, kimya kimya, asimwambie mtu.

Miguu ikavimba, viatu vikamkataa. Watu wakasema ni kukaa sana. Akashindwa kulala chali, wakasema ni uchungu. Asubuhi ya maziko akawa anahema, maneno hayatoki, midomo imebadilika rangi. Mungu wangu! Huyu ndiye aliyenilea. Nikamwinamia sikioni: "Shangazi, dawa umemeza?" Akatikisa kichwa kukataa.

Tukampakia kwenye pikapu ya kubebea kahawa, mbio hadi hospitali. Nikamweleza daktari kwamba kidonge kimeachwa, nami namjua shangazi, ni haya za kwenda chooni. Daktari akamwekea hewa puani, akamchoma sindano ya dawa ileile, kisha akatuambia bila kuzungusha maneno:

"Moyo wake hausukumi damu vizuri. Maji yanabaki mwilini, yanajaa miguuni, halafu mapafuni. Dawa hii inazifanya figo zitoe chumvi na maji kwenye mkojo, moyo upate nafuu. Huo mkojo anaouonea haya ndiyo kazi yenyewe ya dawa."

Tukasubiri, roho mkononi. Aliponong'ona, "Nileteeni beseni," mwanangu, nilipiga kigelegele wodini! Nesi akanikemea huku anacheka. Beseni likajaa, tukamwaga, likajaa tena. Pumzi ikatulia. Jioni shangazi akaomba chai, akaionja, akafoka kwamba haina sukari. Hapo nikajua amerudi, nikalia kwa raha.

Daktari akamwambia, "Mama, ukiwa na safari au shughuli, njoo uniulize saa ya kumeza. Tutaipanga. Kuacha, hapana."

Kwa hiyo nisikilize. Dawa ya moyo ikikusumbua, mwambie aliyekupa. Usiiache kwa siri, wala usimeze mbili kufidia uliyoiruka. Ukiona miguu inavimba, au hulali mpaka uegemee mito, wahi hospitali, msiba utakusubiri.

Siku hizi kidonge hicho nakimeza mimi. Msibani nakaa mlangoni kabisa, na wazee wenzangu wananung'unika kwamba si mahali pangu. Wanung'unike tu, mimi napumua. Mungu akujalie moyo wenye nguvu, mwanangu, na akupe miaka mingi kuliko yangu. Nawe ukiniona nainuka, usiniulize naenda wapi. Nipishe upesi.