Kabati la vidole: fundi wa mitumba na mwalimu wake

Jumanne, tarehe 11 Machi, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Manyunyu yanapiga bati la karakana ndogo, na ndani mwanamke wa miaka arobaini na miwili anakaza skrubu ya mwisho. Skrubu hiyo imeshika kete ya dhumna yenye nukta nne. Kete nayo imekuwa kishikio cha droo.

“Leo ndiyo leo!” anasema, akipuliza vumbi la mbao. “Mwalimu wangu akilikataa na kabati hili, nitavua aproni nikauze maandazi.”

Mtaani anaitwa Mama Vijaluba, kwa sababu hapiti penye kisanduku kikuukuu bila kuinama. Hununua mitumba ambayo wengine huiita takataka: trei za vijiko, masanduku ya vifaa vya uvuvi, rafu za barua za ofisi zilizofungwa. Vyote huvigeuza kuwa makao ya vitu vidogo vya mafundi, kama vifungo, shanga, sindano, bizimu na nyuzi.

Tangu Januari ameuza makabati kumi na moja. Theluthi ya mapato huishia kwenye kodi ya chumba, na kuna mwezi mzima aliouza moja tu. Hata hivyo, katika hayo yote hajapunguza hatua hata moja ya kazi yake.

Hatua ya kwanza ni kumwaga vifaa vyote vya mteja juu ya shuka. Kisha huketi saa nzima, kimya, akitazama mteja anavyoshona. “Mdomo utakwambia anachopenda,” anaeleza. “Mkono utakwambia anachotumia.”

Mara moja tu aliiruka hatua hiyo, na ilikuwa kwa mtu asiyestahili kufanyiwa hivyo.

Mtu huyo ni fundi cherehani wa miaka sitini na saba, ambaye mtaa mzima humwita Shangazi. Miaka ishirini na mitatu iliyopita alimfundisha Mama Vijaluba kushona kwa miaka miwili bila ada. Sharti lilikuwa moja: “Utanilipa siku utakaponiletea kitu ulichokibuni mwenyewe, nikakitumia.”

Mwaka jana ugonjwa wa presha ya macho ulimzimia Shangazi nuru. Mwanafunzi wake alikimbia kumtengenezea kabati, akabandika kifungo cha rangi mbele ya kila droo: chekundu, kijani, samawati. Lilipendeza kama bustani.

“Nikapapasa, droo zote sawasawa,” Shangazi anakumbuka. “Nikamwambia, mwanangu, hili kabati la macho. Mimi nimebaki na vidole. Lirudishe, halijalipa kitu.”

Mama Vijaluba anakiri bila kujitetea: “Nilidhani namjua, ndiyo maana sikumtazama.”

Safari hii alimtazama siku tatu. Akanunua rafu ya droo ishirini na nne kutoka duka la dawa lililofungwa; muuzaji alikuwa ameshaipangia kuwa kuni. Akaitia msasa, akaifungia kete za dhumna, funguo zisizo na kufuli, mikia ya vijiko na koki ya bomba.

Saa tatu kasoro robo mkokoteni unafika mlangoni kwa Shangazi. Dalali wa mashine yupo tayari, futi mkononi, anapima cherehani. Shangazi alikuwa amemwita aichukue leo, kwa kuwa chombo kisichofanya kazi huozea nyumbani.

“Mama, umeleta jeneza la panya?” dalali anatania.

“Nimekuletea kipimo chako,” anajibiwa. “Hebu agiza kifungo chochote.”

Dalali anajitazama. Shati lake limekosa kifungo kitumboni. “Haya, Shangazi. Cheupe, matundu manne. Ukikipata, naondoka na futi yangu!”

Shangazi anapeleka mkono kulia, ambako kingo zimelainishwa. Huko ni vyeupe. Kushoto, kwenye kingo za kukwaruza, ni vyeusi. Kidole kinapita kete ya nukta mbili, kinarudi, kinasimama penye nne, sawa na idadi ya matundu. Droo inafunguka. Katika ile yenye koki anachomoa sindano iliyokwisha kutungwa uzi, mojawapo ya kumi na mbili zilizochomekwa kwenye sponji.

“Sogea hapa. Na hilo tumbo livute ndani, nisije nikakushonea kitovu.”

Dakika mbili baadaye kifungo kimekaa. Dalali anakivuta, hakitikisiki. “Ah! Hii mashine haiuzwi,” anasema, na anaondoka akicheka mvuani.

Mama Vijaluba anarukaruka kama msichana. Mezani kuna mashati arobaini ya wanafunzi yanayosubiri vifungo, na Shangazi ameshavuta la kwanza. Mwezi Mei Mama Vijaluba anakusudia kutengeneza makabati sita ya namna hii kwa mafundi wengine wasioona, naye atamtazama kwanza kila mmoja wao akishona.

Shangazi anachomoa pochi kiunoni. “Bei gani?”

“Hulipi.”

“Mimi sili vya bure.”

“Si vya bure. Ni ile ada.”

Shangazi anaivuta droo ya nukta nne, anaisukuma, anasikiliza inavyofunga. Kisha anairudisha pochi mahali pake.

“Imelipwa,” anasema. “Yote. Sasa nipishe, nina mashati.”